Kilwa Kisiwani: Watu Wangapi, na Lini?

Leo tunahesabu watu. Usibadilishe stesheni, hizi si hesabu za ubaoni. Ni hesabu ya kijiji kimoja tu, kidogo, katika pwani yetu ya kusini, nacho ni Kilwa Kisiwani. Najua likitajwa jina hilo wengi wenu mnakumbuka magofu: picha ya Msikiti Mkuu kwenye kitabu cha historia, matao na kuba, na mwalimu akiikazania dhahabu ya Sofala kwa sababu itatoka kwenye mtihani. Magofu tutayapitia, hayakwepeki. Lakini mimi leo nawataka watu waliolala kule jana usiku. Ni wangapi, ni watu wa namna gani, na kwa nini ukiuliza idadi yao jibu la haki linaanza kwa swali: unataka idadi ya lini?

Kwa asiyefika, Kilwa Kisiwani iko mkoa wa Lindi, wilaya ya Kilwa, inatazamana na mji wa Kilwa Masoko. Katikati pana mkondo wa bahari wa kilomita mbili hivi, unaovukwa kwa chombo: tanga upepo ukikubali, mashine usipokubali. Kijiji kimejikusanya upande wa kaskazini wa kisiwa, jirani na ngome kuukuu iitwayo Gereza. Nyumba nyingi ni za fito na udongo, makuti juu, au bati kwa aliyejaliwa. Magari hakuna. Watu wanalima mihogo, wana minazi na mikorosho, wanafuga mbuzi na kuku, lakini kinachoendesha nyumba ni bahari. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu elfu moja hivi. Huzidi, hupungua, na sehemu kubwa ya kuzidi na kupungua huko haitokani na uzazi wala vifo. Inatokana na upepo na mwezi.

Tuanze na namna Serikali inavyohesabu. Sensa ya watu na makazi siku hizi hufanyika kila baada ya miaka kumi, na kanuni yake ya msingi ni nyepesi: mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ya mwisho ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022, ikatupata Watanzania 61,741,120. Miaka kumi nyuma, tarehe 26 Agosti 2012, tulikuwa milioni 44.9. Mkoa wa Lindi peke yake ulipanda kutoka watu wapatao 865,000 hadi zaidi ya milioni 1.19. Si haba, kwa mkoa ambao wengi walizoea kuuona ni wa vijana kuondoka tu, kwenda kutembeza bidhaa Kariakoo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, ile adha ya kulala kwenye kivuko cha Rufiji ikaisha. Wafugaji nao wameshuka na ng'ombe wao hadi Kilwa. Kusini kumefunguka, na namba zinaonyesha.

Hizo ni namba za mkoa, na kwa mkoa usiku mmoja unatosha. Sasa shuka nazo hadi kwenye kijiji cha watu elfu moja, ukiwa na kalenda ya mwezi mkononi, ile ambayo mvuvi haihitaji kwa sababu anaibeba kichwani.

Agosti 2012, sensa ilikuja wiki moja hivi baada ya Idi ya Mfungo Mosi. Mwezi ulikuwa umevuka nusu, jioni zina mwanga. Waliokuja kula sikukuu kutoka Dar es Salaam na kwingineko, baadhi yao walikuwa hawajaondoka. Na mvuvi wa dagaa, mwezi ukishawaka, hana haraka ya kwenda popote. Kazi yake ni kuwasha taa juu ya maji ili dagaa waifuate, na hakuna taa ya mvuvi inayoshindana na mbalamwezi.

Agosti 2022 mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 23 zilibaki kama siku nne mwezi mwingine uandame. Giza. Mwezi wenyewe, ule mwembamba wa siku za mwisho, haukutoka mpaka usiku umekwisha kwenda sana. Huo ndio usiku wa kazi. Saa sita ya usiku, saa ile ile ambayo sensa inaitumia kuamua nani yuko wapi, mvuvi wa dagaa hayupo nyumbani kwake wala hayupo kijiji cha wenzake. Yuko baharini, taa imewashwa, wavu uko tayari.

Simaanishi kwamba hakuhesabiwa. Makarani waliuliza, wake na mama walijibu, na wa namna hiyo wengi waliandikwa kwenye kaya zao. Ninachosema ni kwamba ukizichukua namba mbili za kijiji cha bahari, ya 2012 na ya 2022, ukaona imepanda au imeshuka, kabla hujatafuta sababu kwenye kilimo au uzazi wa mpango, kumbuka umelinganisha usiku wa mbalamwezi na usiku wa giza.

Halafu kuna suala la saa ya kubisha hodi. Hili halihusu sensa peke yake, linamhusu kila ofisa anayevuka maji na daftari. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji inapita mita tatu. Na pwani hii bamvua lina saa zake: maji hukauka kabisa kwenye saa nne, saa tano hivi ya asubuhi. Hiyo ni saa ya wanawake. Ndoo, mchokoo, kanga imefungwa kibwebwe, watoto wa likizo na wasio wa likizo, wote wanashuka mwambani kutafuta pweza na chaza. Saa hiyo hiyo ofisa wetu amemaliza chai yake Masoko, amevuka, amefika. Anakuta milango imeegeshwa, kuku wanaparura uani, na mzee mmoja barazani ambaye hajui vizuri nani alilala kwa nani. Jioni ofisa anarudi anaandika kwenye ripoti kwamba mwitikio wa jamii haukuridhisha.

Nimesoma ripoti za aina hiyo, si za Kilwa tu, na kila mara najiuliza kwa nini hazitaji tarehe ya mwezi. Angekwenda siku za maji mafu angewakuta watu wamejaa tele, wanasuka ukili, wanashona nyavu, na maneno ya kumpa wanayo.

Akishabahatika kumkuta mtu, lipo swali la mkuu wa kaya. Kwenye fomu ni swali jepesi. Kwenye kijiji cha bahari lina mambo. Mume yuko kambini Songosongo mwezi wa pili sasa, anatuma fedha kwa simu. Anayeamua leo tunakula nini, mtoto anakwenda zahanati au haendi, deni la dukani linalipwa kiasi gani, ni mke. Wengine wana nyumba mbili, ya kisiwani na ya Masoko au Somanga, na kila nyumba ina mke wake mwenye haki zake na zamu zake. Bwana huyu atahesabiwa alikolala. Sasa kule asikolala, kaya inasimama kwa jina la nani? Wanawake wa kule wakiulizwa hili hucheka kwanza ndipo wajibu, na kicheko chenyewe ni sehemu ya jibu.

Sasa twende kwenye wageni, maana hapo ndipo tabia ya kijiji inapojionyesha.

Wavuvi wa pwani hii wana utaratibu wa kwenda dago. Wasikilizaji wa bara, dago ni kambi: kundi la wavuvi linahama na nyavu zake, sufuria zake na mpishi wake, linakwenda kukaa kwenye kijiji cha watu wengine au kisiwa kitupu, wiki kadhaa, pengine miezi, wakifuata samaki na upepo. Wanaosifika zaidi kwa hilo ni Wakojani wa Pemba. Utawakuta Mafia, utawakuta Mtwara, utawakuta hata ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, bahari ikatulia na maji yakasafika, vyombo vinatembea. Kusi likishika nguvu, Juni, Julai, Agosti, vyombo vidogo vinabana kwenye maji ya ndani. Kilwa, kwa mikondo yake iliyokingwa na visiwa na mikoko, ni mahali pa kubana.

Kwa hiyo kijiji cha watu elfu moja kinaweza kupokea kwa mpigo mmoja wanaume wengi wenye nguvu wasio na wake pale, wasio na mashamba pale, wenye njaa na wenye fedha. Hebu fikiria kijiji chako cha bara kikipokea ugeni wa namna hiyo kila mwaka. Pangechimbika. Pwani hapachimbiki, au panachimbika mara chache, kwa sababu kuna taratibu za zamani kuliko ofisi yoyote. Nahodha anashuka kwanza, peke yake au na mtu mzima mwenzake. Anakwenda kwa mwenyekiti, na barua ya utambulisho kutoka kwao, kwa Mzanzibari ni ya sheha. Anaeleza wako wangapi, wanavua nini, kwa wavu wa macho mangapi, watakaa hadi lini. Anaonyeshwa pa kujenga kambi na kisima cha kuchota. Anaambiwa mambo ya msikitini, mambo ya Ijumaa, na mambo ya watoto wa kike wa watu. Siku hizi anapitia pia kwa wale wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kulinda rasilimali za bahari, ambao kazi yao kubwa ni kuuliza kuhusu kokoro na baruti. Na ushuru analipa.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kilwa Kisiwani jembe hilo ni kamba ya wavu. Akiivuta vizuri, akagawa kitoweo kwa majirani bila kukumbushwa, akaenda kuzika alipofiwa mtu asiyemjua, basi mwaka wa pili akirudi anaitwa kwa jina. Mwaka wa tatu pengine ameoa. Mwaka wa kumi mtoto wake ni mwenyekiti wa kitongoji na hakuna anayekumbuka kuuliza alitoka wapi. Na asiyezika? Huyo hata akikaa miaka ishirini ni yule mtu wa dago.

Sheria nayo ina kipimo chake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi wa kawaida aliyetimiza miaka 18, na halmashauri ya kijiji kuwa na wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Mkazi wa kawaida ni nani? Mvuvi anayekaa miezi mitano kila mwaka, kwa miaka minane mfululizo, na ana mke pale? Na mtoto wa pale aliyeko Dar miaka tisa, anayekuja Idi hadi Idi, lakini kaburi la babu yake liko pale na mikorosho yake inavunwa na shangazi? Mtendaji akiwaandika wote daftari linafurika. Akiwaacha wote anakosa nusu ya wanaolipa ushuru na nusu ya wanaojenga msikiti. Kijiji chenyewe hakisumbuki na swali hili kama sisi tunavyosumbuka. Kinakuhesabu kwa msiba na kwa mgao wa samaki.

Wala si mambo ya jana. Historia ya kisiwa hiki, ukiisoma kwa jicho hili, karibu yote ni ugomvi wa nani mwenyeji na nani mgeni. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanaanza na biashara ya nguo: Ali bin al-Hasan wa Kishirazi anafika, anakuta mwenyewe wa kisiwa, anakinunua kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenye kisiwa anavuka bara, baadaye anajuta, anataka kurudi kukitwaa, lakini maji yamekwisha kujaa mlangoni na hayapwi tena kumpa njia. Wanahistoria hawalichukui simulizi hili neno kwa neno, na akiolojia imeonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi pale, wakivua na kufinyanga vyungu, kabla ya nasaba yoyote ya kujisifu. Lakini tazama kilichochaguliwa kukumbukwa: mwenyeji, mgeni, bei waliyopatana, na saa ya maji.

Mwaka 1331 alipita Ibn Battuta, mtu wa Tangier, akitokea Mombasa. Idadi ya watu hakutaja. Tabia alitaja. Aliona watu weusi sana wenye chale usoni, wacha Mungu, na akaandika kwamba nyumba zao ni za mbao. Hili la mbao limewashughulisha wataalamu, maana enzi hizo hizo Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo, na sultani al-Hasan bin Sulaiman ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane juu ya gema la bahari. Mimi sioni ajabu kubwa. Mawe yalikuwa ya wachache. Aliyepita mitaani aliona walikokaa wengi, na fito na udongo ndivyo hivyo hivyo hadi leo. Mawe yamebaki magofu, nyumba za fito bado zinapikiwa.

Kuhusu sultani huyo, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani mtu wa vipawa, Ibn Battuta ana kisa. Fakiri kutoka Yemen alimzuia njiani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa fakiri kwa watumwa kumi, na sultani mwenyewe akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Alipokufa Abu al-Mawahib akatawala ndugu yake Daud, na huyu akiombwa kitu alijibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutoa. Watu husimulia kisa hiki kusifu ukarimu. Mimi macho yangu yanakwenda kwa wale watumwa. Walikuwa watu wa Kilwa nao, walilala Kilwa usiku ule. Kwenye kisa wanatajwa kama bei.

Hesabu ya kwanza ya watu wa Kilwa ninayoijua ni ya 1505, nayo ni ya Hans Mayr, Mjerumani aliyekuja na merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida. Alitaja watu 4,000. Namba inanukuliwa sana, na sina sababu ya kuitupa, ila turudi kwenye swali letu: ya lini? Alihesabu katika siku ambazo wenzake walikuwa wameuvamia mji na kuupora, mtawala Amiri Ibrahimu ametoroka na watu wake. Sensa iliyofanywa na mvamizi wakati wenyeji wamo vichakani. Miaka themanini na ushei baadaye, 1587, Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walikiteka kisiwa, na padri Mreno João dos Santos akaandika kwamba waliangamiza watu 3,000. Ukiamini namba zote mbili, kilichobaki kilikuwa kijiji tu.

Na kuna namba nyingine, hii ina mkataba wake. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na sultani wa Kilwa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa visiwa vya Wafaransa, vile vya Mauritius na Réunion. Elfu moja. Ndiyo ile ile tunayoikadiria leo kuwa kijiji kizima, wazee kwa watoto. Watu wa kiasi hicho walitakiwa kupitishwa pale kila mwaka, wametoka ndani huko bara, na hakuna hesabu ya wakazi wa Kilwa iliyowaweka ndani. Mwenyeji wa leo ukimuuliza kabila anaweza kukutajia Mmachinga, Mmakonde, Mmwera, Myao, Mngindo, halafu akamalizia kwamba yeye ni mtu wa hapa. Nadhani ana haki ya kumalizia hivyo. Karne ya 19 sultani wa mwisho akaondolewa na Waarabu wa Omani, biashara ikahamia mji wa Kilwa Kivinje, upande wa bara, kisiwa kikarudi kwenye mihogo na nyavu.

Leo magofu yana sifa ya dunia. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na ya Songo Mnara, ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004 kwa kuwa bahari ilikuwa inayala na kuta zinaanguka, ikayaondoa kwenye orodha hiyo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Wanakijiji walibeba mawe, walichoma chokaa, walipanda mikoko kuzuia mawimbi. Mtalii anayekwenda kuyaona anapitia kwanza ofisini Masoko, analipa, anaandikwa jina na nchi na tarehe. Ukitafakari, huyo ndiye mtu pekee anayeshuka Kilwa Kisiwani akiwa ameandikwa bila utata wowote, naye anaondoka kabla ya jua kuzama.

Kwa nini nakushikilia na mambo haya nusu saa nzima? Kwa sababu namba ndiyo inayoleta dawa. Zahanati inapangiwa dawa kwa idadi ya watu wanaotarajiwa kuihitaji, shule madawati, kisima pampu. Kijiji kikipangiwa kwa watu waliolala usiku mmoja wa Agosti, dago jingine likija msimu wa kaskazi dawa za malaria zinakwisha katikati ya mwezi, na muuguzi ndiye anayelaumiwa. Kambi haina choo kwa sababu kwenye mpango kambi haipo. Maji ya kisiwani yenyewe ni ya kubahatisha, visima vingine vina chumvi, na mgeni anachota ndoo ile ile ya mwenyeji. Ukame ukizidi, hapo ndipo ule uungwana wote niliousifu unapojaribiwa. Wenyeji hawamfukuzi mgeni. Wanaanza kuchelewa kumwitikia salamu, na mgeni mwenye akili anaelewa.

Ningekuwa mimi mtendaji wa kijiji, jambo ambalo halitatokea maana sina subira hiyo, ningeweka daftari la wakazi lenye kurasa za giza na kurasa za mbalamwezi, za kusi na za kaskazi. Nahodha akileta barua, watu wake wanaingia humo siku hiyo hiyo, kwa penseli. Wilayani ningepeleka ile idadi ya juu kabisa, si ya wastani, kwa sababu mgonjwa hatibiwi kwa wastani. Nina hakika wapo watendaji wanaofanya kitu cha namna hii tayari, kwa akili yao, kwenye daftari la shule lenye jalada lililochanika, ambalo hakuna mtu wa wilayani aliyewahi kuomba kuliona.

Na haraka ipo. Kilwa Masoko inapata bandari kubwa ya uvuvi. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Septemba 2023. Bandari ya namna hiyo ikishika kazi, itavuta meli, viwanda vya barafu, madereva, mama lishe, vijana kutoka kila mkoa. Wengine watapanga Masoko. Wengine watagundua kwamba ng'ambo, mkondo mmoja tu, chumba ni rahisi na jioni kuna upepo. Watafika kisiwani kama walivyofika wengine wote kabla yao, na wazee wa barazani watawatazama kwanza msibani.

Sensa nyingine, kwa utaratibu wa miaka kumi, ni 2032. Nimepiga hesabu ya mwezi. Ikiwekwa tena tarehe 23 Agosti, itakuwa siku mbili tu baada ya mwezi mpevu. Mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi wa dagaa watakuwa wamelala majumbani kwao, na Kilwa Kisiwani usiku huo itajaa. Lakini kukikucha ni bamvua, na maji yatakuwa yanakauka kuelekea saa sita ya mchana. Karani wa siku hiyo pengine leo yuko darasa la sita, anasikiliza redio hii kwa sababu babu yake amekataa kuizima. Mwanangu, usivuke asubuhi. Vuka alasiri na maji yanayojaa, salimia barazani, kaa. Kishikwambi chako kitoe baada ya magharibi, pweza wakiwa jikoni na kila mtu yuko kwao.